Paka Hakuitwa

Saa kumi alfajiri paka wetu hunipiga kofi puani. Nikijifunika shuka, analia. Mimi niliyelala saa saba usiku nikihangaika na hadithi isiyokwisha, naamka kumwekea dagaa. Usicheke, msomaji. Mambo haya ni ya kale.

Ng'ombe tulimfunga kamba. Paka alikuja mwenyewe. Miaka kama 10,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walijaa, na paka-mwitu akawafuata. Nani alimwita? Kisiwani Saiprasi limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, paka kazikwa karibu na mtu. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo huyo alipakiwa chomboni, akavushwa bahari. Yaani walishazoeana!

Saa zake za kuwinda zilibaki zilezile, jioni na alfajiri. Kilichoongezeka ni ujanja: mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walieleza kuwa paka anayedai chakula huchanganya mkoromo wake na sauti kali, inayokaribia kilio cha mtoto mchanga. Nani atalala hapo?

Wangu ghala halijui. Panya wanakimbizana darini, yeye kanikodolea macho mimi.