Maelekezo kwa Mtambo: Historia Fupi ya Msaidizi wa Mazungumzo

Makala haya yanadai kwamba kumwandaa msaidizi wa akili bandia ni, kwanza kabisa, kazi ya lugha. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alichapisha maelezo ya programu yake, ELIZA. Humo mtambo ulitengwa na matini ya maelekezo. Matini ikibadilishwa, mazungumzo nayo hubadilika. Novemba 2023 OpenAI ililileta wazo kama hilo kwa umma: asiyejua kuandika programu huandika maelekezo kwa lugha ya kawaida, huambatisha nyaraka zake, na kupata msaidizi wa kazi inayojirudia. Mwaka huohuo, Jacaranda Health nchini Kenya ilitoa UlizaLlama, modeli ya Kiswahili kwa maswali ya afya ya uzazi.

Lakini ni Kiswahili kipi? Kivuni twasema “batoto”, si “watoto”. Tuchukulie karani wa kituo cha afya Burungu, Masisi, aandike maelekezo kwa Kiswahili sanifu pekee: mama aulizaye kwa Kiswahili chake huenda akajibiwa visivyo. Basi maneno ya mahali, pamoja na mifano ya maswali halisi, yaingizwe katika maelekezo. Kazi hiyo haimhusu fundi wa mitambo peke yake; yatuhusu wanaisimu.