King Kibadeni: Kutoka Kufunga Hadi Kufundisha

Tarehe 19 Julai 1977, Dar es Salaam, Simba iliichapa Yanga 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu, dakika ya 10, ya 42 na ya 89.

Alipotundika daluga akawa kocha. Mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, hatua kubwa mno kwa klabu ya Tanzania. Mjini Abidjan walitoka sare ya 0-0 na Stella ya Ivory Coast, kazi ngumu ya ugenini ikawa imekwisha. Marudiano Dar es Salaam, mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi, wageni walishinda 2-0 wakaondoka na kombe.