Utulivu wa Chipping Campden

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya Uingereza, walakini yafaa kuwa ufunguo wa historia ya Chipping Campden, mji mdogo wa jimbo la Gloucestershire, ulioko kaskazini mwa vilima vya Cotswold. Wakazi wake ni zaidi kidogo ya elfu mbili. Njia yake kuu imepinda kama upinde, na kila upande zimesimama nyumba za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Jioni ya siku ya kazi mtu aweza kuipita njia hiyo toka mwanzo hata mwisho, asisikie ila kengele ya kanisa na kunguru mitini. Mgeni aonapo hali hiyo hudhani kwamba mji umekuwa hivyo tangu kuasisiwa kwake. Jina lenyewe lakanusha dhana hiyo: neno Chipping, katika Kiingereza cha kale, maana yake ni soko, na soko halikai kimya.

Soko hilo lilitajirika kwa sufi. Katika karne ya 14 na ya 15 sufi ya kondoo wa Cotswold ilitafutwa na wafumaji wa Flanders na Italia, na wafanyabiashara wa Campden walikuwa miongoni mwa walioipeleka ng'ambo. Mkubwa wao alikuwa William Grevel, aliyefariki mwaka 1401. Nyumba aliyoijenga yapata mwaka 1380 ingali imesimama katika njia kuu, na kaburi lake limo katika kanisa la Mtakatifu James, chini ya bamba la shaba, lenye maandishi ya Kilatini yanayomsifu kuwa ua la wafanyabiashara wa sufi wa Uingereza nzima. Mtu huyo aliweza kumkopesha fedha hata mfalme. Kanisa lenyewe lilipanuliwa kwa mali ya sufi, na mnara wake, uliojengwa yapata mwaka 1500, ni mkubwa kupita haja ya mji ulivyo leo. Ni kama kanzu ya marehemu iliyoachiwa mjukuu mdogo.

Baadaye Waingereza walianza kufuma nguo wenyewe badala ya kuuza sufi ghafi, na kazi ikahamia mabondeni penye mito ya nguvu, kama vile kando ya Stroud. Campden ulibaki na kondoo na majengo. Hata hivyo haukukosa mfadhili. Baptist Hicks, mfanyabiashara wa hariri wa London aliyetajirika kwa kuwakopesha mfalme na makabaila, alijifanyia makao hapa. Mwaka 1612 aliwajengea maskini kumi na wawili nyumba za kuishi, na mwaka 1627 akajenga ukumbi wa soko katikati ya njia kuu, ili wauzaji wa siagi, jibini na kuku wasinyeshewe. Jumba lake mwenyewe halikudumu: lilichomwa moto mwaka 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jeshi la mfalme lililokuwa likiondoka mjini. Lililojengwa kwa ajili ya wauza siagi limedumu kuliko lililojengwa kwa ajili ya fahari.

Utulivu na amani si kitu kimoja. Tarehe 16 Agosti 1660 mzee mmoja, William Harrison, msimamizi wa mali za mjane wa kabaila wa Campden, alitoka kwenda kukusanya kodi katika vijiji jirani, asirudi. Kofia yake ilionekana njiani pamoja na ukosi wenye damu. Mtumishi wake, John Perry, alipohojiwa alimtaja mama yake na ndugu yake kuwa wauaji. Hakimu wa kwanza alikataa kusikiliza kesi ya mauaji pasipo maiti. Lakini mwaka 1661 hakimu mwingine aliisikiliza, na mama na wanawe wawili wakanyongwa. Mwaka uliofuata Harrison alirudi mzima, akidai kwamba alitekwa na kuuzwa utumwani Uturuki. Maelezo yake hayajawaridhisha wanahistoria hata leo. Kisa hiki huonyesha hatari moja ya mji ambamo kila mtu amjua mwenziwe: yasiyojulikana hujazwa na dhana, na dhana ikirudiwa na midomo mingi huvaa vazi la ushahidi.

Karne ya 19 iliongeza kimya. Michezo ya Robert Dover, iliyoanzishwa kilimani juu ya mji yapata mwaka 1612, ambamo watu walishindana kwa mieleka, mbio na kutupa nyundo, ilikomeshwa mwaka 1852. Kisha kilima chenyewe kikagawanywa na kuzungushiwa ua. Gari la moshi lilifika mwaka 1853, lakini mahali pa kuleta kazi lilirahisisha njia ya vijana kuondoka. Mwisho wa karne hiyo palikuwa na nyumba tupu nyingi, na kiwanda cha zamani cha kusokota nyuzi za hariri kilikuwa hakina kazi.

Ndipo lilipotokea jambo lililoupima utulivu huo kuliko mengine yote. Charles Robert Ashbee, msanifu wa majengo aliyezaliwa mwaka 1863, alikuwa ameanzisha mwaka 1888 chama cha mafundi wa mikono katika mitaa ya mashariki ya London, penye moshi na msongamano. Walikuwamo masonara, maseremala, wahunzi na wapiga chapa. Ashbee aliamini kwamba kazi njema haiwezi kutoka katika maisha mabaya, na kwamba fundi aliyepewa hewa safi, bustani na majirani angekuwa fundi bora na mtu bora. Mwaka 1902, baada ya mafundi wenyewe kuulizwa kauli zao, chama kilihamia Campden. Walikuja watu wapatao 150, wanaume, wanawake na watoto, katika mji ambao wenyeji wake hawakufika 2,000. Kiwanda cha hariri kikawa karakana yao.

Maisha yao ya kwanza yalikuwa na furaha na mashaka pamoja. Watoto waliozoea vichochoro walipata mashamba ya kukimbia. Chama kilichimba bwawa la kuogelea, kikaigiza michezo ya kuigiza, na mwaka 1904 kikaanzisha shule ya ufundi iliyowafundisha hata wenyeji. Lakini mwenyeji wa Campden hakuwa ameomba kutembelewa. Vibarua wa mashamba walipata ujira mdogo kuliko mafundi wa London, na fundi aliweza kulipa kodi ya nyumba ambayo kibarua asingeiweza. Jambo hili lilileta manung'uniko. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa swali lilikuwa ni nani atakayepona: mgeni aliyekimbia moshi, ama mwenyeji aliyekuwa na hewa safi tele lakini mfuko mtupu?

Jibu halikukawia. Wanunuzi wa vyombo vya fedha na samani walikuwa London, na maduka makubwa ya huko yalikuwa yamekwisha kuanza kuuza vitu vya namna hiyo hiyo vilivyotengenezwa kwa mashine kwa bei nafuu. Zaidi ya hayo palikuwa na sababu ambayo Ashbee mwenyewe aliieleza baadaye. London, kazi ilipopungua, fundi aliweza kwenda karakana nyingine kwa miezi michache, kisha akarudi. Campden hapakuwa na karakana nyingine. Fundi asiye na kazi alikaa akitazama bustani yake, ilhali chama kilichompenda hakikuweza kumlipa wala hakikutaka kumfukuza. Mwaka 1908 chama kilikuwa kimekwisha kufilisika na kuvunjwa.

Msiba huo wafundisha jambo moja lililo wazi. Ashbee hakukosea aliposema kwamba mtu ahitaji utulivu. Alikosea kudhani kwamba utulivu wajitegemea. Utulivu wa Campden ulikuwa umezaliwa na kuondoka kwa biashara, na hewa ile safi aliyoifurahia ilikuwa safi kwa sababu viwanda vilikuwa mahali pengine. Kuleta kazi katika mji kama huo ni kupigana na sababu ile ile iliyoufanya upendeze.

Lakini haikuwa hasara tupu. Baadhi ya mafundi walikataa kuondoka. Sonara mmoja, George Hart, aliendelea kufua fedha katika jengo lile lile la hariri, na jamaa zake wangali wakifanya kazi hiyo humo hata sasa. Mchoraji F. L. Griggs, aliyekuja mjini wakati wa Ashbee, aliongoza juhudi za kuhifadhi nyumba za kale, na kilima cha Dover kiliokolewa katika miaka ya 1920 kisigeuzwe mali ya wajenzi. Katika miaka ya 1940 wenyeji walichanga fedha kuulinda ukumbi wa soko wa Hicks. Michezo ya Dover ilifufuliwa mwaka 1951. Mji ulijifunza kukitunza kile ambacho umaskini ulikuwa umekihifadhi bila kukusudia.

Mwaka 1966 mambo mawili yalitokea pamoja. Stesheni ya Campden ilifungwa, na magari ya moshi yakawa yanapita bila kusimama. Na vilima vya Cotswold vikatangazwa kuwa nchi ya uzuri wa asili inayolindwa na sheria. Tangu hapo mji umezidi kupendeza na umezidi kuwa ghali. Watembeao kwa miguu huanzia hapa safari ya maili 102 hata Bath, na wastaafu wenye mali hununua nyumba walizopangishwa vibarua zamani, wakati kijana aliyezaliwa mjini mara nyingi hulazimika kutafuta makao mbali.

Basi kuishi katika mji mtulivu si hali moja kwa wote. Kwa yule ambaye riziki yake yatoka mahali pengine, kimya cha njia kuu jioni ni raha. Kwa yule ambaye riziki yake ingepasa kutoka katika njia hiyo hiyo, kimya hicho ni mlango wa duka uliofungwa. Grevel aliusikia mji huu ukivuma. Vibarua wa mwaka 1900 waliusikia umenyamaza. Nyumba walizoziangalia ni zile zile.