Ubadilishaji wa saketi ya kuchajia kompyuta mpakato

Ubadilishaji wa saketi ya kuchajia ni kazi ya ufundi wa elektroniki inayoiwezesha kompyuta mpakato yenye tundu la duara kupokea umeme wa volti ya juu kupitia USB-C. Msingi wake ni kanuni ya USB PD (Power Delivery), iliyotolewa mwaka 2012. Chaja huanza na volti 5, kisha kifaa huomba 9, 15 au 20. Toleo la 2021 liliongeza 28, 36 na 48, hadi wati 240.

Tundu la zamani hung'olewa, na mahali pake hulehemiwa kibao kidogo chenye chipu ya kuomba volti 20, ambazo hukaribia volti 19 za kompyuta nyingi. Hatari kubwa iko hapa: saketi iliyoundwa kwa volti 5 au 12 huungua ikipewa 20, isipokuwa kapasita, transista na kipunguza volti chake vibadilishwe kwa vyenye uvumilivu wa kutosha. Baadhi ya kompyuta, zikiwemo za Dell, huitambua chaja kwa pini ya kati. Ishara hiyo ikikosekana, mashine huwaka lakini betri haijai. Waya wa USB-C usio na chipu ya utambulisho huishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20.

Katika mitaa ya Bujumbura kama Kinanira, ambako umeme wa volti 220 wa shirika la Regideso hukatika, badiliko hili huruhusu kuchajia kwa pawa benki yenye PD.