Mtiririko wa mto na uzazi wa samaki wa asili (bonde la Murray-Darling)

Samaki wa mtoni hutaga na kukuza watoto wao kwa kufuata namna maji yanavyopanda, yanavyoshuka, yanavyopata joto, na umbali yanaokwenda bila kukatizwa. Uhusiano huo umechunguzwa sana katika bonde la Murray-Darling, kusini-mashariki mwa Australia, ambalo ukubwa wake ni takriban sehemu moja ya saba ya nchi nzima. Mkakati wa kuokoa samaki wa asili wa bonde hilo, uliotolewa mwaka 2003, ulikadiria kwamba waliobaki ni kama asilimia 10 tu ya waliokuwapo kabla ya walowezi wa Kizungu kufika.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa samaki wa huko husubiri mafuriko ndipo watage. Katika miaka ya 1960, John Lake alipandisha kina cha maji katika mabwawa ya majaribio huko Narrandera, na samaki wakataga. Baadaye, mwaka 1999, Paul Humphries na wenzake walionyesha kwamba aina kadhaa huzaliana vizuri zaidi mto unapokuwa chini na umetulia, kwa sababu wakati huo maji huwa na joto na chakula cha watoto hukusanyika pamoja. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli wake. Zilikuwa zikitazama samaki tofauti.

Sangara dhahabu

Sangara dhahabu (Macquaria ambigua) hana undugu wa karibu na sangara wa Ziwa Victoria, wala hakuletwa kutoka kwingine kama yule. Ndiye hasa samaki anayesubiri mjazo wa mto. Maji yanapopanda katika majira ya kuchipua au kiangazi, na joto likafika takriban nyuzi 17 za selsiasi au zaidi, wakubwa hukusanyika na kutaga katikati ya mkondo. Jike mkubwa anaweza kutoa mayai nusu milioni. Yai hufyonza maji, likavimba na kuwa jepesi kiasi cha kubebwa na mkondo. Mkondo ukisimama, huzama hadi kwenye tope, na mara nyingi huo ndio mwisho wake.

Baada ya siku moja hadi mbili yai huanguliwa. Kiluwiluwi anayetoka humo hana mdomo wa kulia wala nguvu ya kuogelea. Huishi kwa akiba ya kiini cha yai huku mto ukimchukua, na safari hiyo yaweza kufika mamia ya kilomita. Katika Mto Darling, ambao wenyeji wake, Wabarkindji, huuita Baaka, wengi huishia katika Maziwa ya Menindee, yenye maji mapana na chakula tele. Wakikua, baadhi yao hutoka na kuteremka hadi Mto Murray. Haya yamesomwa ndani ya kijiwe cha sikio la samaki, ambacho hujenga tabaka baada ya tabaka na kuhifadhi kemia ya maji alimozaliwa. Kwa hiyo samaki anayevuliwa Murray ya chini huenda asili yake ni mto mwingine, mwendo wa siku nyingi kutoka hapo.

Chewa wa Murray

Chewa wa Murray (Maccullochella peelii) ni chewa kwa jina tu. Katika masimulizi ya Wangarrindjeri, wenyeji wa Murray ya chini, chewa mkubwa aitwaye Ponde ndiye aliyeuchimba mto kwa mkia wake alipokuwa akimkimbia mhenga wao Ngurunderi. Chewa hangoji mjazo: kila mwaka, kati ya Septemba na Desemba, maji yakifika nyuzi 15 hivi, jike hubandika mayai ndani ya gogo lenye uwazi na dume huyalinda. Watoto wakiondoka kiotani nao huchukuliwa na mkondo, hasa usiku, kwa muda wa siku kadhaa.

Mabwawa na mabanio

Maji ya umwagiliaji yamepindua majira ya mto. Maji ya mvua za majira ya baridi na ya kuchipua huzuiliwa bwawani, kisha mto hujazwa kiangazi wakulima wanapohitaji maji. Tena bwawa refu hufungulia maji ya chini, ambayo ni baridi. Baada ya Bwawa la Dartmouth kukamilika mwaka 1979, samaki kadhaa wa asili walitoweka katika Mto Mitta Mitta chini yake.

Banio, yaani ukuta mfupi wa kuzuia mto, lina madhara ya namna mbili. Kwanza, hugeuza mto kuwa dimbwi, na kiluwiluwi anayetegemea mkondo huzama humo. Pili ni umbo la lango lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba pale maji yanapopita kwa shinikizo chini ya lango, takriban asilimia 95 ya viluwiluwi wa sangara dhahabu walikufa, na zaidi ya nusu ya wale wa chewa. Maji yakipita juu ya banio, vifo hupungua sana. Ngazi za samaki, ambazo zimegharimu fedha nyingi, humsaidia mkubwa anayepanda mto. Kiluwiluwi anayeteremka hazimfai kitu.

Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2007, serikali ya shirikisho humiliki sehemu ya maji kwa ajili ya mto wenyewe. Kwa sangara dhahabu hufunguliwa mjazo mrefu. Kwa chewa kinachotakiwa ni kinyume chake: kina kisicheze wakati wa kiota, kwa kuwa mto ukishuka ghafla gogo hubaki nje ya maji, au dume huyaacha mayai.