Picha pekee haitoshi kumtambua buibui wa kijani

BUIBUI mdogo wa rangi ya chanikiwiti anayetega utando wake juu ya jani ni rahisi kupigwa picha, lakini ni mgumu kupewa jina. Tangu simu zenye kamera zienee, picha zake zimekuwa nyingi, na makosa ya kumtaja yameongezeka vilevile.

Mfano bora ni wa buibui wa jenasi ya Araniella wanaoishi kwenye vichaka na bustani za Ulaya. Wawili kati yao ndio huwatatiza watu zaidi. Wa kwanza ni Araniella cucurbitina, aliyeelezwa na Carl Clerck wa Sweden mwaka wa 1757. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la boga, kwa sababu ya rangi yake. Wa pili ni Araniella opisthographa, aliyeelezwa na Władysław Kulczyński wa Poland mwaka wa 1905. Wote wawili ni wadogo, kwani hata jike hazidi punje ya hindi kwa ukubwa, na huweza kupatikana katika eneo moja.

Picha nzuri humwezesha mtazamaji kupiga hatua kadhaa. Kwanza ni utando. Buibui hawa hufuma utando wa mviringo wenye nyuzi zinazotoka katikati mfano wa spoki za gurudumu la baiskeli. Mara nyingi utando huo huwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya jani moja lililojikunja.

Pili ni macho. Buibui wa jamii hii wana macho manane: manne yamekaa katikati ya uso kama pembe za mraba, na mengine yamesimama mawili mawili kandokando. Tatu ni tumbo. Araniella ana vitone vidogo vyeusi vilivyopangwa kwa jozi mgongoni, na aghalabu doa jekundu kwenye ncha ya tumbo, karibu na mahali panapotoka nyuzi.

Ishara hizo husaidia kuwatenga buibui wengine wa kijani. Nigma walckenaeri pia hukaa juu ya jani, lakini utando wake ni wavu usio na umbo la gurudumu. Micrommata virescens ni mkubwa zaidi na huwinda bila kutega utando. Hapa Afrika Mashariki, buibui wa jenasi ya Peucetia ni wa kijani pia, ila miguu yao mirefu imejaa miiba na wao huvizia mawindo kwenye mimea.

Rangi yenyewe si shahidi wa kuaminika. Watoto wa Araniella huwa na rangi ya hudhurungi iliyoiva wakati wa vuli, majani yanapokauka, kisha hugeuka kijani msimu wa machipuko. Taa ya kamera nayo huweza kuifanya kijani ionekane manjano. Aidha, buibui akihifadhiwa ndani ya spiriti, ukijani wake hufifia.

Baada ya hatua hizo, picha ya kawaida hufika kikomo. Tofauti ya uhakika kati ya cucurbitina na opisthographa imo katika viungo vya uzazi: kwa jike, sehemu iliyo chini ya tumbo, kwa dume, ncha zilizovimba za viguso viwili vifupi vilivyo mbele ya miguu. Viungo hivyo huchunguzwa kwa hadubini, na ni sharti buibui awe amekomaa. Asiyekomaa hawezi kutenganishwa kwa njia hiyo.

Madhara ya kubahatisha si madogo. Jina likishaandikwa pamoja na mahali na tarehe, huingia katika kumbukumbu zinazotumiwa kuchora ramani za makazi ya viumbe. Makosa yakirundikana, spishi moja huonekana imeenea pasipo kuwa hivyo, huku nyingine ikidhaniwa ni adimu. Ndiyo maana makavazi, yakiwemo yale ya Kitaifa jijini Nairobi, huhifadhi viumbe wenyewe wala hayategemei picha pekee.

Anayetaka picha yake iwe na manufaa anafaa kumpiga buibui kutoka juu, chini, mbele na ubavuni, pamoja na utando wake. Aweke rula karibu ili ukubwa ujulikane, kisha aandike tarehe, mahali na aina ya mmea. Iwapo viungo vya uzazi havionekani, aandike Araniella na kukomea hapo. Jina fupi lililo sahihi lina faida kuliko jina kamili la kubuni.