Mgeni, Jembe na Sanduku la Kura



 Leo naomba tutazame historia ya nchi yetu katika jambo moja ambalo hujitokeza kila wakati wa uchaguzi mkuu, hata kama halipewi nafasi kubwa majukwaani. Mwananchi huuliza habari za bei ya chakula, pembejeo, ajira, maji na barabara. Kisha, katikati ya maswali hayo ya haki kabisa, huzuka swali jingine: kwa nini nchi ambayo haijawashibisha watoto wake iendelee kuwapokea wakimbizi?

Mkoa wetu wa Singida uko mbali na mipaka ya magharibi. Kambi za wakimbizi zimekuwa Kigoma na Kagera, na makazi ya zamani yako Tabora na Katavi. Basi mtu anaweza kudhani kwamba mjadala huo ni wa wengine. Lakini kura ya mkulima wa alizeti wa Iramba ina uzito uleule wa kura ya mkulima wa mihogo wa Kibondo. Sisi tusioishi jirani na mkimbizi tunaamua habari zake sawasawa na wale wanaoishi naye. Na mkimbizi mwenyewe, ambaye maisha yake yanaamuliwa, hana kura. Hapo ndipo dhamiri ya Mkristo inapoguswa.

Tuanze nyumbani. Wazee wa Manyoni walirithishwa kumbukumbu ya njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoikumba nchi ya Wagogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua ikakosekana. Maelfu walikufa, na waliobaki walitawanyika kutafuta chakula kwa majirani. Hatukuwa tumebuni neno la kisheria la kuwaita, lakini walikuwa watu waliokimbia kifo wakiomba kupokewa. Kizazi chao kipo kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, aliyewafungulia mlango.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, Wazungu nao walikuja kwetu wakiwa wakimbizi. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya raia wa Poland waliofukuzwa makwao na kupelekwa Urusi walifika Afrika Mashariki kwa kupitia Uajemi. Kambi yao kubwa katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyochukua watu wapatao 5,000. Nyingine ilikuwa Kondoa, jirani zetu hapa. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Anayedhani kwamba ukimbizi ni laana ya taifa fulani au rangi fulani na akumbuke Kondoa.

Sasa tuje mwaka 1972. Sisi wa Singida tunaukumbuka kwa furaha, maana ndio mwaka Jimbo letu lilipozaliwa, na Askofu Bernard Mabula akawa mchungaji wake wa kwanza. Nchini Burundi mwaka huohuo unakumbukwa kwa machozi. Mauaji yaliyoanza mwezi Aprili yaliwafanya maelfu kwa maelfu wavuke mpaka na kuingia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapokea, ikawapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Yalikuwa mapori. Waliyafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, makazi hayo yalikuwa yakijilisha yenyewe, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliacha kuyapatia misaada. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa nishani ya Nansen kwa huduma ya nchi yetu kwa wakimbizi.

Tujiulize kwa makini: je, tuliweza hayo kwa sababu tulikuwa matajiri? La hasha. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 uliilazimu nchi kununua chakula nje. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Wananchi wenyewe walikuwa wakihamishwa katika Operesheni Vijiji. Kwa hiyo umaskini peke yake hauelezi kwa nini taifa hufunga au hufungua mlango. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Taifa maskini lilimpa mgeni jembe, na mgeni akaacha kuwa mzigo.

Miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Tangu mwaka 1986 nchi ilikuwa katika mageuzi ya uchumi. Wafanyakazi walipunguzwa, mashirika ya umma yalianza kuuzwa, na mgonjwa alianza kuchangia gharama hospitalini. Katika hali hiyo, mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Baadhi yao walikuwa wamehusika na mauaji ya kimbari, na silaha zilivuka pamoja na watoto wachanga. Misitu ilifyekwa kwa ajili ya kuni. Mwanakijiji aliona tiba ikitolewa bure kambini huku yeye akidaiwa fedha. Kwa reli yetu ya kati, ipitayo Manyoni na Itigi, chakula cha msaada kilisafirishwa hadi Isaka na kuendelea kwa malori. Kwa watu wa mkoa wa ukame kama wetu, ilikuwa vigumu kutazama magunia yakipita bila kuuliza ni ya nani.

Tarehe 31 Machi 1995 Serikali ilifunga mpaka na Burundi. Miezi saba baadaye, tarehe 29 Oktoba, ukafanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe. Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, ambaye hadi mwaka 1994 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alimfuatia. Mwezi Desemba 1996, Serikali mpya iliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na Shirika la Wakimbizi likakubali. Takribani nusu milioni walivushwa kurudi. Wapo waliojaribu kukimbilia upande wa pili, wakizuiwa na askari.

Bonaventure Rutinwa, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza kwamba demokrasia yenyewe ilichangia kubadilisha sera za wakimbizi barani Afrika, kwa kuwa viongozi walianza kusikiliza manung'uniko ya wapiga kura. Hili ni neno zito, wapendwa. Mwaka 1972 mwananchi wa Kigoma au Tabora hakuulizwa kama anataka mgeni. Waliamua wachache, na wakaamua kwa ukarimu. Sisemi tuutamani mfumo ule. Mwananchi kuulizwa ni haki yake. Ninachosema ni kwamba tangu mwaka 1995 ukarimu wa Tanzania umehamia mikononi mwa wapiga kura. Ikiwa tunajivunia jina jema la zamani, hatuwezi tena kumwachia Mwalimu kazi ya kulilinda.

Haki inadai tusikilize manung'uniko hayo bila kuyadharau. Usalama wa mwanakijiji ni kitu halisi, na msitu uliokatwa haurudi kwa siku moja. Mataifa tajiri huisifu Tanzania kwa maneno, kisha hupunguza michango, na mzigo humwangukia mkulima wa Kasulu. Hata hivyo tuseme na upande wa pili. Watafiti waliofuatilia maisha ya Kagera baada ya mwaka 1994 walikuta kwamba wakulima wengi wa jirani walipata soko la ndizi zao na vibarua wa mashambani, ingawa walioishi kwa kununua chakula waliumizwa na bei. Athari zilikuwa za namna nyingi. Si hasara tupu.

Na tuseme jambo jingine ambalo halisemwi sana majukwaani. Wakimbizi wa miaka ya 1990 hawakupewa jembe. Walitakiwa kubaki kambini, wasivuke kilomita nne bila kibali, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilikaza utaratibu huo. Tulimnyima mgeni shamba, kisha tukamlaumu kwa kula asicholima. Palipokuwa na jembe mwaka 1972, palikuwa na mavuno. Palipokuwa na uzio, palikuwa na foleni ya mgao.

Tuje kwenye uchaguzi wa tarehe 14 Desemba 2005. Ilani ya CCM iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 Tanzania itakuwa nchi isiyo na wakimbizi. Jakaya Kikwete alishinda kwa zaidi ya asilimia 80. Ahadi hiyo iliweza kutimizwa kwa njia mbili, na Serikali ileile ilizifuata zote mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuwarudisha watu makwao na kufunga kambi. Kambi ya Mtabila huko Kasulu ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na wengi wa waliokuwamo hawakuondoka kwa hiari kamili. Njia ya pili ilikuwa ya ajabu. Warundi wa mwaka 1972 na watoto wao waliulizwa wanataka nini. Kama wanne kati ya kila watano walichagua kubaki, na mwezi Aprili 2010 zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa raia wa tajinisi. Mataifa mengi tajiri hayajawahi kufanya hivyo kwa mara moja.

Hata tendo hilo jema lilikwama kwa muda. Ilipangwa kwanza raia hao wapya watawanywe katika mikoa mingine, na mikoa iliyotarajiwa kuwapokea haikuwa na shauku. Kwa miaka kadhaa walikuwa wameuacha uraia wa Burundi bila kushika cheti cha Tanzania. Mpango wa kuwatawanya uliachwa, na Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti mwezi Oktoba 2014. Katika uchaguzi wa mwaka 2015, watu walioitwa wakimbizi kwa miaka 40 na zaidi walipanga foleni kupiga kura. Mwaka huohuo wimbi jipya liliikimbia Burundi, na wengi walifika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kiliwakuta. Mwezi Januari 2017, Wizara ya Mambo ya Ndani ikiwa chini ya Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi hapa mkoani, Serikali ilisitisha utaratibu wa kuwapokea Warundi kwa mkumbo. Tangu hapo kila mmoja alitakiwa kueleza shauri lake peke yake. Mnaona, basi, kwamba uamuzi juu ya mgeni si wa mbali na Singida hata kidogo.

Wapendwa, Maandiko Matakatifu hayampi mpiga kura hesabu za bajeti, lakini yanampa kipimo. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinawaagiza Waisraeli wamtendee mgeni kama mwenyeji, na sababu inayotolewa ni kumbukumbu: wao nao walikuwa wageni Misri. Injili ya Mathayo inatuonyesha Familia Takatifu ikikimbia usiku, na Papa Pio XII, katika hati yake ya mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliiona familia hiyo kuwa mfano wa kila familia ya wakimbizi. Kanisa linatambua wajibu wa dola kulinda mipaka na manufaa ya wote. Lakini manufaa ya wote hayajengwi kwa kumfanya asiye na kura kuwa jawabu rahisi la matatizo ambayo hakuyaleta. Ukame wa Singida haukuletwa na Mrundi. Bei ya mbegu haikupangwa kambini Nyarugusu.

Kwa hiyo, tutakapomsikia mgombea, wa chama chochote, akizungumzia uchumi na wakimbizi kwa pumzi moja, tusimzomee wala tusimshangilie upesi. Tumuulize: unakusudia kumpa mgeni jembe, au uzio? Akisema nchi haitakuwa na wakimbizi, tumuulize kwa njia ipi kati ya zile mbili. Na sisi wenyewe, katika jumuiya zetu ndogo ndogo juma hili, tujadili maswali haya:

1. Ni nani aliyewapokea wazee wetu wakati wa njaa, na tumewasimulia watoto wetu habari hiyo?
2. Katika mtaa au kijiji chetu, mgeni aliyehamia anapewa nafasi ya kufanya kazi, au anapewa jina tu?
3. Malalamiko yetu ya uchumi tunayapeleka kwa wanaohusika, au tunamtwika asiyeweza kujibu?

Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia yetu inaonyesha kwamba maneno hayo yaliwahi kuwa kweli huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Yanaweza kuwa kweli tena, na safari hii uamuzi uko mikononi mwetu.

Tumwombe Mama Bikira Maria, aliyekimbia na Mtoto wake mikononi, awaombee wote walio njiani usiku huu, na atuombee sisi tulio na nyumba na kadi ya kupigia kura.

Mungu awabariki nyote. Amina.